Sio Kila Mtu Anatulizwa na Lavenda

Ukizunguka maduka ya urembo hapa Nakuru mjini, yale yamejipanga ukitoka Kenyatta Avenue ukishuka hivi, utakuta zile chupa ndogo za kahawia zimewekwa karibu na mafuta ya nywele na kila moja imeshapangiwa kazi yake. Lavenda ni ya usingizi. Chungwa ni la furaha. Bagamoti inaondoa huzuni, mnanaa unaamsha akili, na langilangi, msichana wa duka akifika hapo anaangalia kando halafu anakwambia hiyo ni ya mambo ya nyumbani. Unalipa mia nne, mia tano, unaondoka na hisia zako kwa kimfuko cha karatasi.

Mimi kazi yangu ni masaji, nafanya hapa Nakuru na wikendi zingine naitwa Kisumu, na haya mafuta ya kunukia natumia karibu kila siku, kwa hivyo usidhani nimekuja kuyapiga vita. Nayapenda. Lakini hiyo orodha ya dukani, hii ya huzuni, hii ya hasira, hii ya wasiwasi, ndio imenifanya niandike leo manake watu wanakuja wameihifadhi kwa simu na wanataka niwatoe stresi ya mwaka mzima kwa matone sita ya kitu ambacho hata hawajawahi kunusa. Na mimi kabla sijafungua chupa yoyote huwa nauliza swali linalowashangaza: nyumbani kwenu ukiwa mdogo kulikuwa kunanukia nini?

Kuna mwalimu mmoja wa sekondari, anafunza upande wa Njoro, alikuja muhula ukiisha mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Alikuwa amemzika mamake miezi kadhaa nyuma na akarudi darasani mara tu baada ya matanga, vile walimu hufanya. Huwa natia tone moja moja kwa vijikaratasi na kumnusisha mtu, harufu tatu nne hivi, yeye mwenyewe achague. Nikaanza na lavenda, ile nzuri. Akarudisha kichwa nyuma. "Dada, toa hiyo. Hiyo ni wodi." Nikafunga. Akanieleza baadaye kwamba mamake akiwa amelazwa, kila asubuhi walikuwa wanapiga deki na sabuni ya maji ya lavenda, yeye amelala kwa kiti, na mpaka leo akiisikia tu anaona ndoo inasukumwa chini ya kitanda. Nikampa mchaichai. Akavuta, akanyamaza, akavuta tena, macho yamefungwa. "Aki hii ni chai ya kwa kukhu." Kwao ni Kakamega, na nyanya yake alikuwa na kishina cha mchaichai nyuma ya jikoni, wanakata wakitumwa, wanarudi mikono inanukia. Basi tukafanya mgongo na mchaichai, kidogo sana, chini ya asilimia 1 manake mchaichai ukizidi unawasha ngozi, na katikati ya kazi nikasikia mtu amepumua ile pumzi ya kutoka tumboni.

Sasa jiulize Mkenya wa kawaida alikutana na lavenda wapi mara ya kwanza. Sabuni ya kufua. Dawa ya choo. Ile dude ya kuning'iniza ndani ya sinki. Mfaransa wa kule Provence amekua akiona milima imejaa maua yake, bibi yake anaweka mafungu ya lavenda kati ya shuka, sasa huyo ukimwambia lavenda inatuliza ataelewa bila maelezo. Sisi tumeletewa matokeo yake tukiwa tumeshaipa maana nyingine.

Na hii sio mambo ya kubembeleza tu, kichwa chenyewe ndio kimeumbwa hivyo. Unachoona na unachosikia, kabla hakijafika mbali ubongoni, kinapita kwanza kituo kinaitwa thalamasi. Harufu haipiti hapo kwanza. Inatoka puani, inaingia sehemu ya ubongo ya kunusa iliyo juu tu ya pua, na kutoka hapo iko karibu kabisa na amigdala inayoshughulikia woga na hisia, na hipokampasi inayohifadhi kumbukumbu. Ndio maana unaweza kupita karibu na mtu kwa steji, amejipaka mafuta fulani, na moyo unashtuka kabla hujakumbuka ni nani alikuwa anapaka hayo.

Sisemi lavenda haina kitu ndani. Iko nacho. Sehemu kubwa ya mafuta ya lavenda ni kemikali mbili, linaloli na linalili asetati, na mwaka wa 2018 watafiti wa Japani waliandika kuhusu panya walionusishwa linaloli, woga wao ukapungua, na panya ambao uwezo wa kunusa ulikuwa umeharibiwa hawakupata nafuu hiyo, maanake kazi ilikuwa inapitia puani. Safi. Lakini panya hajawahi kulala kwa kiti cha wodi.

Watu wa kwanza wa hii kazi walikuwa wameliona hilo mapema. Jina la tiba ya harufu lilienezwa na Mfaransa anaitwa René-Maurice Gattefossé, mkemia, aliungua mikono kwa mlipuko wa maabara mwaka wa 1910 na akatumia lavenda kwa vidonda vyake, halafu mwaka wa 1937 akachapisha kitabu juu ya hayo mambo. Huyo yeye alikuwa wa dawa na viini. Aliyeyaleta mafuta kwenye masaji ni Marguerite Maury, mzaliwa wa Austria, nesi, na msimamo wake ulikuwa kwamba mafuta yachanganywe na mengine hadi yawe mepesi, yapakwe mgongoni kando ya uti, na mchanganyiko uwe wa huyo mtu, hali yake ya siku hiyo, sio wa ugonjwa wake. Nasikitika kwamba hiyo sehemu ya mwisho ndio imepotea na tumebaki na orodha.

Halafu kuna hii habari ya mikono, na hapa naona watu wengi wanailipa chupa sifa ambayo ni ya mikono. Kwenye ngozi yenye vinyweleo, mikononi, mgongoni, kuna nyuzi za neva ambazo kazi yao sio kukuambia umeguswa wapi, hizo zinajibu mguso wa polepole na mwepesi, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na zinaitika vizuri zaidi kwenye kama 3. Watafiti wa Uswidi ndio wamezichunguza sana. Jaribu sasa hivi: kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko ni kama sentimita 24, kwa hivyo kiganja chako kinafaa kichukue sekunde 8 kufika. Hesabu nane kwa ukweli, usidanganye. Utaona ni polepole kiasi cha kukuudhi. Watu wengi wanaofanya masaji ya nguvu, ile ya kukamua, wanafika kwa sekunde moja na nusu. Ile ya nguvu ina siku yake, mtu amebeba mizigo, amekaa kwa trekta, sawa. Lakini mtu ambaye roho ndio imechoka ukimkamua hivyo anajikaza tu zaidi.

Mafuta ya kuchanganyia yanakusaidia hapo manake bila utelezi huwezi kwenda polepole bila kuvuta ngozi. Alizeti ya kawaida inatosha. Avokado ni nzito, nzuri kwa ngozi kavu. Simsim wengine wanaipenda, Busia na Teso inalimwa, ila ina harufu yake na sio kila mtu anaitaka mwilini. Njugu mimi sigusi, kuna watu mwili unazikataa vibaya sana na hawajui mpaka siku hiyo.

Kupima sasa. Mililita moja ni kama matone 20, basi chupa ya mililita 30 ni kama matone 600, na ukitaka asilimia 2, ambayo ni ya mtu mzima mwenye afya, unatia matone 12. Uso, asilimia 1 ama chini, yaani sita. Mtu mzee ama mwenye ngozi laini, hivyo hivyo. Watu wanafikiri ukiongeza ndio itashika vizuri, ni kama chumvi kwa mchuzi, ikipita imepita. Maji hayayeyushi haya mafuta, kwa hivyo ile ya kumwaga matone kwa karai la maji na kutumbukiza miguu ni kujiunguza manake yanaelea juu na kukushika ngozi yakiwa makali vilevile. Changanya na mafuta mengine kwanza.

Kuna kitu kingine cha kununua. Mafuta ya waridi. Sisi tuko kaunti moja na Naivasha, maua ya waridi yanapita hapa barabarani kwa malori ya baridi kila siku kwenda uwanja wa ndege, na mtu anadhani kwa hivyo mafuta ya waridi yatakuwa rahisi. Yale ya Naivasha ni ya kupamba, yamechaguliwa kwa shina refu na kukaa siku nyingi kwa chombo, mengi hayanukii. Ya mafuta ni jamii nyingine, inalimwa sana Bulgaria na Uturuki, na kilo moja ya mafuta inakula petali za tani tatu na zaidi. Sasa wewe umeuziwa mililita 10 ya waridi kwa shilingi mia mbili na hamsini hapo Gusii Road. Hiyo ni pafyumu ya kiwandani, na sio dhambi, nusa tu, lakini usimpake mtu mwilini ukimwambia ni mmea. Angalia chupa kama imeandikwa jina la kisayansi la mmea, ni glasi nyeusi ama ya kahawia, na nchi ilikotoka. Weka tone kwa karatasi nyeupe uache usiku: likiacha doa la mafuta kama la chapati, kuna kitu kimeongezwa, ingawa mafuta mengine mazito yanaacha rangi bila kuwa bandia.

Watu wa Magharibi mwa Kenya huwa wananiambia mambo ya harufu na masaji ni ya watu wa spaa, ya wazungu, na mimi nawauliza, kwani nyinyi mlizaliwa wapi? Mama akijifungua si anakandwa na maji moto, na mtoto si anachuliwa na nyanya, miguu inanyooshwa, mgongo unapakwa samli? Ukiwa na homa si ulifukizwa chini ya blanketi na majani ya mkaratasi mpaka ukatoka jasho? Pale kando ya msitu wa Kakamega kuna kikundi cha wakulima, Muliru, wanalima ule mrehani wa harufu kali ya kafuri, wanachemsha na mvuke kutoa mafuta, wanatengeneza balmu ya kujipaka inaitwa Naturub, na walipata tuzo ya Equator mwaka wa 2010. Nikiifungua kifuniko kwa mtu wa Shinyalu hahitaji maelezo yoyote, ni kijijini kwao.

Ila kuna jambo moja linanikera na nitalisema. Neno masaji hapa kwetu limechafuliwa. Ukiweka bango, simu ya kwanza ni mwanamume anauliza bei "na ile ingine". Kwa sababu hiyo kuna wanawake wengi sana wanaohitaji hii kitu kuliko mtu yeyote, mama wa Bondeni anauza mboga kutoka saa kumi alfajiri, nesi wa zamu ya usiku, na hawawezi kuingia mlango umeandikwa masaji manake jirani ataona. Ndio nikaanza kwenda kwa watu nyumbani, na vikundi vya wanawake, chama kikikutana nafanya mikono na mabega tu, mtu amekaa kwa kiti, amevaa nguo zake zote, wengine wanahesabu pesa za mzunguko hapo kando. Inafanya kazi vizuri kuliko unavyofikiri. Mikono ina hizo neva za polepole pia, na kukaa ukishikwa mkono dakika kumi bila mtu kutaka kitu kwako, wengine hawajawahi tangu waolewe.

Kisumu dadangu ameolewa, na mama mkwe wake ni mzee sana sasa, vidole vimekunjwa na baridi yabisi, na tangu mzee wake aondoke huwa anakaa tu mlangoni. Mara ya kwanza nilimpelekea mfuko wangu wote, nikampangia vijikaratasi kwa stuli. Alinusa kimoja kimoja kwa heshima, akavirudisha, akaniambia, "Nyathina, asante. Sasa niletee ile ya ng'ombe." Ile jeli ya kukamulia, kopo la kijani liko juu ya kabati, ndio amejipaka maisha yake yote. Nikamfanyia na hiyo. Kidole kwa kidole, kutoka kwa kifundo kwenda nje, bila kuvuta kiungo, halafu kiganja chote ndani ya viganja vyangu viwili mpaka kiwe na joto. Akaanza kunihadithia juu ya ng'ombe wa mumewe, majina yao, yule mkaidi wa pembe moja, na dadangu jikoni akaacha kuosha vyombo manake hakuwa amemsikia mathe akiongea hivyo kwa muda mrefu. Hakuna orodha ya dukani imeandika jeli ya ng'ombe ni ya majonzi.

Kulia hutokea. Mtu amelala kifudifudi, umefika katikati ya mabega, na unasikia kamasi. Usisimame ghafla na usianze kuuliza nini mbaya. Mimi huacha mkono mmoja umetulia mgongoni, mwingine unasogeza tishu karibu na uso wake, na nangoja. Akitaka kusema atasema. Akisema, sikia, na usimpe mawaidha hapo, mtu amelala uchi nusu hahitaji mahubiri.

Na kuna mahali masaji inaisha. Mtu hali vizuri wiki nyingi, halali, anaongea vile familia yake ingekuwa afadhali bila yeye, huyo simwekei chungwa nikamwambia litamfurahisha. Namwambia wazi aende kwa daktari, na nikiona anaogopa naenda naye mpaka mapokezi. Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na laini ya bure ya kuzungumza, 1199. Mafuta yanaweza kuendelea pembeni, hakuna ubaya, ila yasiwe ndio tiba. Hata ukiangalia utafiti, ule uchambuzi mkubwa wa Cochrane, wale wa kukusanya na kupima tafiti za afya, wa mwaka wa 2016 juu ya masaji ya wagonjwa wa saratani, ikiwa na mafuta ya kunukia ama bila, ulisema ushahidi ni dhaifu, tafiti ndogo ndogo, haziwezi kusema kwa uhakika. Na ni vigumu kweli kupima hii kitu, manake utamfichaje mtu harufu asijue yuko kundi gani? Mimi hilo halinisumbui. Sihitaji karatasi kuniambia mtu amelala usingizi saa mbili usiku kwa mara ya kwanza tangu mazishi, ila pia siwezi kumuuzia mtu hiyo ahadi.

Ukitaka kufanya nyumbani, mambo machache nisipoyasema nitalala vibaya. Jaribu kwanza tone lililochanganywa ndani ya kiwiko, ngoja siku moja. Bagamoti na ndimu ya kukamuliwa maganda ukipaka halafu ukatoka juani unaweza kuungua alama nyeusi, na jua la Kisumu halina huruma, kwa hivyo hizo ni za usiku ama chini ya nguo. Mwenye kifafa asiwekewe kafuri, rozimari wala mkaratasi. Mwenye pumu, nusisha kwa mbali kwanza, chumba kiwe na hewa. Mama mjamzito aulize kliniki, na miezi mitatu ya kwanza mimi natumia alizeti tupu. Mtoto mchanga usimtie hata tone, na hasa usimpake mkaratasi karibu na pua, unaweza kumziba pumzi. Hakuna kunywa, hata kama umeona video, kijiko kidogo cha mkaratasi kimewahi kuwapeleka watoto hospitali na degedege, kwa hivyo chupa zikae juu, kifuniko kimekazwa.

Na zisikae dirishani. Joto na mwanga vinaziharibu, hasa za jamii ya machungwa, na zikishachacha ndio zinaanza kuwasha watu ngozi hata kama mwaka jana hazikuwa na shida. Weka kwa kabati la chini, ama kwa friji kama iko, andika tarehe uliyofungua kwa kipande cha plasta. Limau likianza kunuka vanishi ya seremala, usimpake mtu. Usilitupe pia, linatoa ile gundi ya stika kwa mitungi ya jemu kuliko kitu chochote ninachokijua.